Mama Phanice na Siku ya Kuzaliwa ya Miti ya Lambwe

Bi. Phanice Aoko Ogada anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuhudumu miaka thelathini na mmoja katika vitalu vya miche vya Migori na Homa Bay. Tarehe zilizomo humu zimethibitishwa kwenye faili lake, isipokuwa ile ya mbuzi, ambayo ametueleza mwenyewe na mashahidi bado wapo.

Tangu habari za kustaafu kwake zitoke, familia za hapa zimekuwa zikiuliza jambo moja: je, Siku ya Kuzaliwa ya Miti itaendelea? Bi. Phanice ndiye aliyeianzisha, na nafasi yake haijajazwa. Hofu hiyo ilikuwa yetu pia, sisi tunaofanya naye kazi kitaluni.

Alianza kazi Juni 1994 kwao Uriri, akijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche. Mwaka 2009 alihamishiwa kitalu chetu cha Lambwe, ambako akina mama wanamwita Nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, na watoto wanamwita Mama Phanice.

Januari 2011 ilifanyika sherehe kubwa ya kupanda miti. Palikuwa na hema, spika na wageni wa heshima. Mvua haikualikwa. Ilipandwa miche mia sita kwenye ardhi kavu, wageni wakapigwa picha, wakaondoka. Kufikia Pasaka, mbuzi wa Mzee Boaz, jirani wa kitalu, walikuwa wamemaliza hata vijiti vya kushikilia miche. Bi. Phanice aliagizwa na wakubwa wake aandike ripoti ya mafanikio. Akaandika: “Ilipandwa mia sita. Iliyo hai ni miwili.” Akapokea barua ya kutakiwa kujieleza. Jibu lake, ambalo lipo kwenye faili, ni sentensi moja: “Tafadhali njooni tuhesabu pamoja.” Hakuna aliyekuja.

Ndipo alipoamua kwamba mti usisherehekewe siku ya kupandwa, ila siku unapotimiza mwaka. Kila Aprili, mvua ikishika, mtoto huchukua mche mmoja na kwenda kuupanda kwao. Aprili inayofuata, ukiwa hai, familia hupika, majirani huja, na mti huimbiwa.

Mwanzoni alichekwa. “Sasa Madam,” Mzee Boaz alimuuliza mbele ya watu, “keki tutaupa mti ama tutakula sisi?” Alimjibu, “Mti utapewa maji, Mzee. Wewe utapewa kamba ufunge mbuzi.” Mwaka huo wa kwanza sherehe iliwekwa Jumamosi, na nusu ya wenye miti hawakuonekana; walikuwa kanisani, maana ni Wasabato. Ikahamishwa Jumapili asubuhi, Wakatoliki wakawa kwenye misa. Tangu hapo ni Jumapili saa nane mchana, na hakuna dhehebu lililolalamika.

Hakuwahi kuwahutubia watoto kuhusu mazingira. Aliwapa kitu cha kutunza, wengine wakajifunza kutoka kwao. Maji ya kuoshea vyombo yakaacha kumwagwa ovyo. Uzio wa miiba ukazunguka hata mipera iliyokuwa imesahaulika. Mzee Mayaka, muuza vyombo sokoni, alizoea kuchoma majani makavu kila jioni mpaka bintiye Sheila alipomsimamisha: “Baba, hiyo unachoma ni blanketi ya mti wangu.” Moto ukazimwa. Naye mtoto ambaye mti wake umekufa hualikwa vilevile. Hula kama wenzake, hueleza umekufa kwa nini, kisha hupewa mwingine.

Mwaka huu, wasiwasi ulipozidi, Bi. Phanice alituambia wakati wa chai: “Kama siku hiyo ni yangu, iacheni iishe. Kama ni yao, mtaona.” Akaomba likizo, akaenda kwa binti yake Liz kule Rusinga, akazima simu. Jumapili ya tarehe 27 Aprili ilifika bila tangazo lolote kutoka ofisini, kwa sababu hatukujua kama tunaruhusiwa kulitoa. Saa nane ikapita kimya. Saa nane na nusu tukasikia kuimba upande wa barabara. Watoto walikuwa wakipita boma hadi boma, wazazi nyuma yao wamebeba sufuria, na Metrine wa gredi ya saba akiandika kwenye daftari lake la hesabu: miti 143 hai kati ya 190.

Bi. Phanice aliporudi Jumanne alilisoma daftari lote akiwa amesimama. Aliuliza tu iliyokufa imekufa kwa nini. Metrine alikuwa ameandika: mchwa, ng'ombe, na mmoja “baba alirudi nyuma na pikipiki.”

Wiki iliyopita ililetwa ofisini barua ya mwaliko kutoka kwa watoto, kwa ajili ya Jumapili, tarehe 26 Aprili 2026. Inasema hivi: “Mama Phanice, uje kama mgeni. Usije na kalamu, kuandika tutaandika sisi. Wageni wote wanakuja na maji lita ishirini.”

Asante, Mama Phanice, kwa miaka thelathini na mmoja. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na mtu wa kukusaidia kubeba hilo dumu.