Kopo la Vidonge na Mizani ya Kisegi

Ndugu zangu katika Bwana, jina lake lihimidiwe! Kabla sijaendelea, nivumilieni nitenganishe mambo mawili. Yapo niliyoyaona kwa macho haya na kuyasikia katika mwili huu. Yapo mengine niliyoambiwa. Nilifundisha sayansi miaka thelathini, na sikubali shahidi ayachanganye hayo mbele ya kanisa.

Niliyoyaona ni haya. Nilistaafu mwaka wa tisini na moja, na magoti yakaanza kunitesa. Mwalimu mwenzangu alinitajia vidonge vya maumivu vinavyouzwa dukani hapa Kisegi, akasema havina madhara hata ukivimeza kila siku. Nikavimeza asubuhi, mchana na jioni kwa miaka minne. Kopo lilikaa katika mfuko wa koti, hata siku ya Sabato nikiwahubiria ninyi juu ya kiasi!

Kisha miguu ikavimba. Uso nao ukavimba. Viatu vyangu vya kamba nikavisukuma chini ya kitanda, nikawa mtu wa sandali. Majirani walinong'ona kwamba nilivunja mwiko wa ukoo, na sasa laana yake, chira, inanila. Niliwakemea kwa kueneza uvumi. Mimi nilitaka kipimo. Basi kila Ijumaa nilishuka ufuoni, nikaketi kwenye ubao ulioning'inizwa chini ya mizani ya samaki, naye Okello, mpima samaki, akasoma mshale.

"Japuonj!" alipaza sauti siku moja, maana ndivyo wanavyomwita mwalimu huku kwetu. "Mwezi jana kilo sabini na nne, leo themanini na moja! Wewe unashinda mbuta mkubwa wa ziwani!"

"Lori la kiwanda likija usisimame hapa, mwalimu," akadakia mama mmoja muuza samaki. "Watakupakia na barafu!"

Wakacheka. Nami nikacheka, ndugu zangu. Lakini nilipoinuka nipande kurudi nyumbani, pumzi ilikatika. Nikaketi juu ya nyavu, nisiweze kwenda mbele wala nyuma. Mke wangu alinikuta hapo.

"Baba Akinyi," akasema, "umepimwa vya kutosha. Sasa utatibiwa."

Kesho yake tulikuwa hospitalini Migori. Daktari alipima damu, mkojo na presha, akavuta kope la jicho langu chini, akaona weupe wa kupungukiwa damu. Akauliza ninatumia dawa gani. Nikaweka kopo mezani. Akaligeuza, akasoma maandishi yake.

Sasa nayaeleza niliyoambiwa. Daktari alisema figo hufanya kazi kubwa kuliko umbo lake, na kazi hiyo huhitaji oksijeni inayoletwa na damu. Sehemu yake ya ndani, hata kwa mtu mwenye afya, huishi kwa hewa kidogo tu. Vidonge vyangu vilikuwa vikiibana mishipa midogo inayoilisha, na damu yangu iliyopungua ilibeba hewa haba. Nyama ya figo ikikosa hewa hufa, na mahali pake huota kovu. Kovu likikaza, mishipa iliyo jirani hupotea. Basi nyama ya jirani nayo hukosa hewa, nayo hugeuka kovu. Ugonjwa hujiendesha wenyewe.

"Umeyaona hayo, daktari, au umeyasikia?" nikamwuliza.

Hakukasirika. "Kovu nimeliona kwa darubini, Mzee. Hilo la hewa nimelisoma. Wataalamu bado wanalichunguza. Kovu lililopo siwezi kuliondoa. Lakini ukiendelea na kopo hili, utaimaliza figo iliyobaki."

Ndugu zangu, hapo nilivunjika! Miaka yote nilijisifu kwamba siamini uvumi, kumbe nilikuwa nikiumeza mara tatu kwa siku! Mwenzangu hakuniambia alijuaje. Nami, mwalimu wa sayansi, sikumwuliza. Huyu daktari alinionyesha mahali ujuzi wake unapoishia, na kwa sababu hiyo nilimwamini hata kwa lile nisiloliona. Nikaliacha kopo pale mezani.

Wiki za kwanza magoti yaliniliza. Sioni haya kulisema. Niliomba kwa sauti huku mke wangu akinikanda kwa maji ya moto. Bwana hakuyaondoa maumivu. Alinipa nguvu ya kutorudi dukani. Nikatumia dawa za presha na za kuongeza damu, hizo tu. Miezi mitatu baadaye daktari alipima tena, akasema figo hazijadhoofika zaidi. Hilo nalo nimeambiwa.

Baadhi yenu mmenisihi niseme nimepona kabisa. Sitasema. Makovu yamo ndani yangu, nami nitazikwa nayo. Lakini namshukuru Mungu aliyenifungua kutoka katika kifungo cha kopo lile! Nanyi mnaomeza vidonge hivyo kimyakimya, nendeni mkapimwe. Mtumainini Bwana, wala msione aibu kumwuliza anayewapa dawa amejuaje.

Jana mshale wa Okello ulisimama kwenye sabini na tatu. "Mbuta imekonda!" akapiga kelele, ufuo mzima ukasikia. Na leo asubuhi nimevitoa viatu vya kamba chini ya kitanda, nikavifunga mwenyewe, nikatembea navyo hadi mlango huu.