Bi Wiki Mbili na Maji ya Karafuu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo namkumbuka muuza nyama. Alifariki Jumapili iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Mtaani alijulikana kama Bi Wiki Mbili. Nawaambia mapema: kuna jambo katika maisha yake silielewi. Nimelizungusha kichwani wiki nzima, na bado silielewi.

Bucha lake lilikuwa na meza moja ya marumaru, mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono, na friji lililokuwa likiguna kama mgonjwa. Soseji zake zilikuwa zinaharibika siku ya nne. Dawa za kiwandani hakuzitaka. Akaanza kujaribu mimea. Karafuu, kitunguu saumu, majani ya rosemari. Aliviponda, akaviloweka kwenye siki, akavichuja kwa kitambaa. Akapata maji ya rangi ya kahawia. Kijiko kimoja kwa beseni zima la nyama. Kila fungu la soseji alilibandika tarehe, na mumewe, fundi saa, akageuzwa mwonjaji.

"Siku ya saba nilikula nikiwa nimeshawaaga watu wote nyumbani," mzee huyo ameniambia.

Siku ya kumi na nne, soseji bado nzima. Wiki mbili. Jina likaganda.

Miaka tisa iliyopita nilimwalika hapa studio. Alikaa kiti hiki kilicho mbele yangu. Alieleza kwamba maji yale yanahifadhi nyama. Akaongeza kwamba yeye akiumwa jino huchovya pamba kidogo tu, maumivu yakapungua. Basi. Hakusema zaidi.

Aliyesema zaidi ni mimi. Nilitaka kufunga kipindi kwa mbwembwe. Nikasema, kama yanazuia nyama kuoza, tumbo lako je? Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Alinitazama tu. Muziki ukaingia.

Kesho yake alinipigia simu, akaniomba nirekebishe maneno yale. Nikamwambia nitarekebisha. Sikurekebisha.

Watu wakamiminika buchani kununua chupa za maji yale. Aliwauliza wanakwenda kupika nini. Walimtajia nyama, kisha wakaenda kunywa. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa hesabu, mstaafu, aliyekuwa akimeza vidonge vya kuzuia damu kuganda. Redio hakuisikia yeye. Maneno ya kijiko asubuhi na kijiko jioni yalimfikia mdomo kwa mdomo. Hakujua kwamba vitu kama kitunguu saumu, vikiwa vikali hivyo, vinaweza kugombana na vidonge vile. Wiki ya pili damu ilimtoka puani, ikakataa kukatika. Akalazwa.

Bi Wiki Mbili alifunga bucha mchana kweupe. Alikwenda hospitali na chupa mkononi, aproni bado kiunoni. Alimweleza daktari kila kilichomo, kipimo kwa kipimo. Mwalimu alipona. Nasema tena, alipona. Lakini siku ile, kwenye korido, mke wa mwalimu alimkabili Bi Wiki Mbili. Alitaka kujua ni nani aliyesema kitu kile kinanyweka.

Binti wa marehemu alikuwepo. Alinisimulia mwanzoni mwa wiki hii, sebuleni kwao.

"Mama aliiweka chupa kwenye benchi," alisema. "Kisha akajibu, 'Ni mimi.'"

Nilimwomba arudie. Akarudia. Ni mimi.

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo ninapopotea. Alijua ni nani. Wateja walimkimbia. Akabandika karatasi kwenye kila chupa: ya nyama tu, kabla ya kunywa muulize daktari. Nami nilikuwa nikipita pale, nanunua soseji, tunaulizana habari za watoto. Hakunigusia hata siku moja. Alinihurumia? Alinidharau? Au alijilaumu kwa kunyamaza hapa studio? Mumewe anadhani alisahau. Binti anasema mama yake hakuwahi kusahau hata tarehe ya soseji. Kila jibu naliamini kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha linanitoka.

Nilipozidi kuuliza, mzee alinishika bega. "Mwanangu, mimi nimeishi naye miaka arobaini na sijui. Wewe unataka ujue kwa wiki moja?"

Mzee wetu, fundi saa, pole sana. Dada yangu, binti yake, pole wewe na wanao. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni neno gani tulilitupa kwa wepesi, mwenzetu akalibeba?

Na wewe mwalimu wa hesabu, kama unanisikia, muite na mama hapo nyumbani asikie. Kijiko asubuhi, kijiko jioni: maneno yale hayakuwa ya Bi Wiki Mbili. Yalikuwa yangu. Aliniomba niyarekebishe katika kipindi kilichofuata. Nimechelewa miaka tisa.