Soda ya Ukweni

Makole, nyuma ya duka la fundi cherehani, pana benchi refu ambalo upande mmoja limeegemea ukuta na upande wa pili limeegemea bahati. Kila alasiri, upepo wa Dodoma ukishachoka kuwapaka watu vumbi, Masudi hutua hapo birika lake la kahawa na sinia la kashata, na maneno huanza. Anayekaa karibu na jiko ni Gerson, dereva wa serikali aliyehamia huku na ofisi yake, mtu mpole mwenye tumbo linalofika kabla yake. Kijiweni wanamwita Baridi. Jina alilipata kwa haki, maana kwa miaka mingi hakuna aliyemwona akifika bila soda ya tangawizi mkononi, imetoka friji sasa hivi, chupa inatoka jasho.

Siku hizi anakuja mikono mitupu. Daktari alimwambia sukari inapanda, naye kwanza akajifanya mjanja: akahamia soda zisizo na sukari, na kwenye chai akawa anadondosha vidonge vya utamu kama mtu anayewamwagia vifaranga chenga. Kwa kuwa hazina kitu, akawa anakunywa mara mbili ya zamani, na hamu haikupungua hata chembe. Mwishowe akaacha vyote kwa mpigo. Kichwa kikamuuma, akawa mkali nyumbani mpaka mkewe, Sidonia, akamwomba radhi kwa makosa ambayo hakuyafanya. Sasa ametulia, na moyoni anajiona shujaa. Tatizo lilikuwa Jumamosi.

Jumamosi alikuwa anakwenda Chamwino kujitambulisha kwa wazazi wa Witness, binti aliyechaguliwa na mwanawe, Frank. Na ukweni kila mtu anapajua. Mgeni anakalishwa, anapewa pole ya safari, kisha anaulizwa swali moja tu: baridi au ya moto? Chupa inafunguliwa mbele ya macho yake, na wenyeji wote wanatulia kumwangalia akipiga funda la kwanza.

Gerson: Kwa hiyo nikikataa itakuwaje?

Masudi: Utakuwa umemkataa binti.

Gerson: Nimekataa soda, binti nimemkataa lini?

Hapo akaingia Optatus, ambaye alifagia kumbi za Bunge mpaka akastaafu, akaondoka na taratibu zote za mle ndani isipokuwa ile ya kukaa kimya. Wanamwita Taarifa.

Taarifa: Taarifa, mheshimiwa Baridi. Kule kwetu Kondoa mzee mmoja alikataa soda ukweni kwa ajili ya jino tu. Wakasema huyu ameona uchafu nyumbani kwetu. Posa ikarudishwa siku hiyohiyo.

Gerson: Na kijana alifanyaje?

Taarifa: Kijana ni mimi. Nilioa kwingine, namshukuru Mungu, ila siku ile nililia.

Masudi akamsogezea kashata. Aliyefuata kusema ni Meshack, fundi simu wa kibanda cha jirani, ambaye hushinda akitazama video za afya na ndiyo maana wanamwita Dozi.

Dozi: Mzee Baridi, unajitesa bure. Kunywa moja tu, yaishe. Mtu hafi kwa soda moja. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

Gerson: Hiyohiyo ndiyo inayonitisha.

Alijua anachokisema. Kwenye msiba nyumbani kwa jirani yake, Octavian, Gerson alipokea soda moja kwa heshima ya wafiwa. Kesho yake miguu ikampeleka dukani yenyewe, na keshokutwa tena, mpaka Sidonia alipookota chupa chini ya kiti cha gari. Hakugomba. Alimwangalia tu, na Gerson hajasahau yale macho. Kwa hiyo aliogopa kote kuwili: akikataa, atamvunjia mwanawe nyumba kabla haijajengwa, akikubali, atarudi alikotoka, na safari hii huenda asitoke.

Masudi: Sema umefunga.

Gerson: Mimi Mlutheri, na pilau nitakula.

Masudi: Pilau kula. Sema umefunga soda.

Taarifa: Utaratibu! Kufunga soda peke yake ni dhehebu gani? Wale watu wataomba kuonana na mchungaji. Mimi nashauri hivi. Bungeni hati ikiwekwa mezani, imeshawasilishwa, hakuna anayeitafuna. Na wewe soda yako iwekwe mezani, uinamishe kichwa, useme imepokelewa. Kisha tunaendelea na shughuli zilizopangwa.

Masudi: Na chupa imejaa?

Taarifa: Itajadiliwa kikao kijacho.

Dozi: Mnampoteza mzee. Sikilizeni. Anakwenda na chupa yake kutoka huku. Tunaijaza maji ya mchele, maana tangawizi nayo ina weupe-weupe, tunarudishia kizibo na nyundo. Wakileta ya kwao, anadondosha ufunguo wa gari, anainama, anabadilisha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Gerson: Nibadilishe na baba wadogo wote wananitazama?

Masudi: Na mapovu je?

Dozi: Sabuni kidogo.

Masudi: Sasa huyu unamwokoa au unamzika?

Dozi hakutikisika. Mtu aliyetazama video nyingi hatikisiki.

Dozi: Basi azimie.

Gerson: Nini?

Dozi: Akiona kreti inaingia, azimie. Aliyezimia hapewi soda, anapewa maji. Na maji ndiyo anayoyataka.

Masudi: Atawatia hofu bure.

Dozi: Kuzimia kwa mkwe ni heshima. Wataona ameguswa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Taarifa: Naunga mkono hoja.

Jambo la ajabu ni kwamba Gerson alilifikiria. Mtu mwenye hofu hata kamba ya mgomba huiona mnyororo. Akauliza kama ni bora kuangukia kulia au kushoto, Taarifa akasema kulia kuna adabu zaidi, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa amelala nusu kwenye benchi, mkono mmoja kifuani, Masudi amemshika shingo, Dozi anampepea kwa kifuniko cha sinia.

Dozi: Legeza mdomo, mzee. Zaidi. Hapo unaonekana mtu anayefikiria.

Ndipo mama mmoja aliposimama mbele yao na kikapu mkononi. Nyuma yake bodaboda alikuwa anamsubiri, na kwenye kiti cha pikipiki ilifungwa kreti ya chupa tupu.

— Hodi hapa. Huyo baba anaumwa?

Masudi: Anajifunza.

— Poleni. Shikamooni. Namtafuta mzee Gerson, baba yake Frank.

Gerson akaketi upesi, akakung'uta vumbi kwenye shati.

Gerson: Marahaba. Ndiye mimi.

— Mimi Elieth, shangazi yake Witness, natoka Chamwino. Nimekuja kuchukua vinywaji vya Jumamosi. Wifi amesema nisibahatishe, nimuulize kwanza Frank baba yake anapenda soda gani. Frank akasema siku hizi hata yeye haelewi, nije nikuulize mwenyewe hapa kijiweni.

Dozi, kwa chinichini: Zimia.

Gerson hakuzimia. Aliitazama miguu ya yule mama, imejaa vumbi mpaka kwenye vifundo. Amezunguka mji mzima kwenye jua ili yeye, mtu wasiyemfahamu, asije akapewa kinywaji asichokipenda. Aliona aibu ikimpanda, na nyuma ya aibu akasikia upendo kwa watu wale ambao hajawaona.

Gerson: Shangazi, mimi soda nimeacha. Zenye sukari na zile zisizo nayo. Siwadharau, naomba uniamini. Nikinywa moja kwenu Jumamosi, Jumatatu utanikuta dukani, najijua. Nimeogopa kulisema hili nisije kumharibia kijana.

Elieth aliweka kikapu chini, akakaa kwenye ile ncha ya benchi inayoegemea bahati, akaanza kucheka taratibu huku akijifuta macho na ncha ya kanga.

Elieth: Kaka yangu naye ameacha. Baba yake Witness. Tangu miguu ilipoanza kumwaka moto usiku. Ila ameapa Jumamosi atakunywa, liwalo na liwe, ili wewe usije ukaona unakunywa peke yako kama mtu aliyetengwa. Wifi hana raha wiki nzima.

Gerson akamfikiria yule mwanamume wa Chamwino, amekaa na hofu ileile kwenye kiti kingine. Pengine na yeye anafundishwa kuzimia.

Gerson: Mwambie asinywe. Mwambie mkwe wake amemwomba asinywe.

Elieth: Nitamwambia. Atafurahi mpaka alie. Na mkeo je?

Gerson: Sidonia gesi inamkaba, hajawahi kuipenda.

Elieth: Wifi vilevile. Na baba wadogo wetu wote ni watu wa togwa, soda huwa wanapokea kwa ajili ya mgeni.

Akageuka kuitazama kreti kule kwenye pikipiki, kisha akarudisha macho kwa wanaume wote wanne, mmoja baada ya mwingine.

Elieth: Sasa baba zangu, mmekaa hapa mnafikiri. Nisaidieni. Hii kreti ninakwenda kumnunulia nani?

Taarifa akanyanyua mkono, akaushusha. Dozi akafungua simu, akatafuta, akaifunga. Bodaboda akapiga honi. Masudi akachukua kikombe ampe mgeni kahawa ili apate muda wa kufikiri, akaliinamisha birika mpaka likatazama chini, na kilichotoka kilikuwa machicha ya kahawa.