Mzee Pazia na Deki Aliyokataa Kuiuza

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba, Mzee Pazia anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la vyombo vya umeme kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimetoka shule juzi na insha bado zimo mkononi, na pia kwa sababu wenzangu walisema wakiandika wao watagombana naye. Nitajitahidi kuwa na adabu. Lakini kweli nitaisema.

Alianza kwa kupakua mizigo, enzi za redio za kaseti. Akahamia kwenye meza ya ufundi, alikookoa kanda za video za watu zilizokuwa zikitafunwa na mashine. Diski zilipoingia sokoni aliomba stoo ya nyuma, akaifunika kuta zake kwa mazulia makuukuu, akaweka kiti kimoja, akaiita chumba cha kusikilizia. Kiti kimoja tu. Ukija na mkeo, mmoja wenu atasimama.

Jina la Pazia hakupewa na wazazi wake. Kila aliyetaka kununua chombo kizuri aliulizwa kwanza habari za sebule yake: ukuta ni wa nini, sakafu ina zulia, dirisha lina pazia? Kama halina, Mzee alimshauri akanunue pazia kwanza, deki baadaye. Sisi hatuuzi mapazia. Anayeuza ni mama wa duka la ng'ambo ya barabara, ambaye tangu hapo amepanua duka, na ambaye tulipomwambia Mzee anastaafu, ilibidi aletewe kiti.

Halafu kuna yale makofi. Kila chumba anachoingia, Mzee hupiga kofi moja, pa! kisha hutega sikio asikie kuta zinajibu nini. Amepiga benki, walinzi wakaja mbio. Amepiga zahanati, wagonjwa watatu wakasimama kwa pamoja. Mkewe anasimulia kwamba alipiga hata ukumbini, kwenye arusi ya mtoto wao, na watu wakadhani bibi arusi ameingia, wakaushangilia mlango mtupu.

Hayo yote tuliyavumilia. Kilichotuchosha ni ile deki.

Mnaijua. Ni ile nyeusi iliyo katika chumba cha kusikilizia, nzito mpaka kuihamisha kunataka watu wawili. Sahani yake ya diski hutoka polepole bila kelele, kama mtu anayetoka kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Inacheza diski za picha na za muziki, mpya na za zamani, hata zilizochubuka ambazo deki za kawaida hukwama nazo. Nyuma ina matundu mawili: moja hupeleka picha kwenye runinga, jingine hupeleka sauti kwenye amplifaya, ili visiingiliane. Tena ina kitufe ambacho ukikibonyeza, upande wote wa picha huzimika pamoja na taa za mbele, ikabaki sauti peke yake. Mteja wa mwisho kununua deki ya aina hiyo aliirudisha kesho yake akilalamika kwamba imekufa. Alikuwa amebonyeza kitufe. Tangu siku hiyo maswali ya Mzee yakawa marefu maradufu.

Mwezi wa Agosti bosi wetu alitoa neno. Deki imekaa mno, akasema. Isipouzwa kabla Mzee hajastaafu, chumba cha kusikilizia kitawekwa majokofu, na mimi niliyeajiriwa kukiangalia nitafute kazi kwingine. Mzee alilisikia neno hilo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Wiki ileile alikuja mfanyabiashara mwenye haraka, yuko tayari kulipa. Mzee akamwuliza ataiweka wapi. Juu ya friji. Mzee akatikisa kichwa, akamsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Bosi alishika kichwa kwa mikono miwili. Wakafuata bwana na bibi waliohamia nyumba yenye ukuta mzima wa vioo, na nadhani hamhitaji kuambiwa walivuka barabara kwenda kununua nini.

Mimi si msemaji, lakini siku hiyo nilimwuliza kama kweli anataka chumba chake kifungwe. Alinijibu taratibu, "Binti, mtu akienda nayo nyumbani akaisikia mbaya, atasema deki ni mbaya. Hatasema ukuta." Nikaenda kupangusa vumbi ambalo halikuwepo.

Ikiwa imebaki wiki moja, akaingia msusi mwenye saluni karibu na kituo cha basi, diski yake kaiviringisha kwenye kofia ya plastiki ya kuogea. Alitaka kuiweka deki saluni. Saluni! Mzee alimhesabia makosa moja moja: mashine za kukaushia nywele, zogo la wateja, na vioo, vioo kila upande, sauti itakuwa inarukaruka kama panzi. Msusi alimwacha amalize.

"Baba," akasema, "wewe saluni umewahi kuingia jioni, watu wameshaondoka?"

Hakuwahi. Akamwuliza anafunga saa ngapi.

Jioni hiyo tulikwenda. Mashine za nywele zilikuwa zimezimwa, sakafu imefagiliwa, na msusi alikuwa akifanya anachofanya kila siku akifunga kazi: kutundika taulo mbichi mbele ya vioo zikauke. Nene, moja baada ya nyingine, kuta tatu nzima. Kutwa nzima anasikiliza ya watu, alituambia. Saa hii ndiyo yake. Mzee akapiga kofi. Kuta zikanyamaza. Akaenda pembeni, akapiga tena. Kimya.

"Haya, baba, sema pazia nikusikie," msusi akamchokoza.

Mzee Pazia akakaa kwenye kiti cha wateja, akaziangalia zile taulo. Kisha akasema, "Taulo zinatosha."

Deki imeuzwa. Ameipeleka mwenyewe, na habari ya kile kitufe ameieleza mpaka msusi akamwomba anyamaze ili asikilize alichonunua. Chumba cha kusikilizia kinabaki, nami nabaki nacho. Bosi ameagiza deki nyingine. Mzee tayari ametuachia orodha ya watu wasiouziwa, na wa kwanza ni bosi.

Mzee Pazia, kwa subira uliyotufundisha kwa nguvu, ahsante. Kwa kila mteja ambaye hukumdanganya, ahsante zaidi. Ustaafu salama, na mama nyumbani amalize kikombe cha chai bila kuulizwa habari za dirisha.

Ijumaa tutakupigia makofi. Ukumbi tuliokodi una kuta tupu na sakafu ya vigae, na tunajua utatega sikio. Usihangaike. Msusi ametuazima taulo zake zote na tumezitundika, ili utakachosikia kiwe ni sisi tu.