Sabato Ambayo Baba Hakumpa Mama Simu

Bwana asifiwe, watu wa Mungu, na Sabato njema. Naona wazee wa nyuma wameitika kwa midomo tu. Sawa, nitaanza hivyo hivyo, maana ushuhuda wangu hauhitaji kelele.

Mimi ni Kemunto, wa kule nyuma ya soko la Magwagwa. Wengi hapa mnamfahamu baba yangu kuliko mnavyonifahamu mimi, kwa sababu hakuna posho mill, mashine ya kusaga unga, kutoka Magwagwa mpaka Nyaramba ambayo hajawahi kuifungua. Mimi ndiye binti aliyekuwa akimshikia spana. Mashine ikikataa, baba huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake nyuma ya sikio, halafu anafumba macho. Akifumbua, anajua ni beringi gani imekufa. Nilikua nikitamani jambo moja tu, niijue mashine kama yeye, halafu nijue na yale ambayo yeye hakupata shule ya kuyajua.

Ndugu zangu, Mungu alinifungulia mlango. Nilipata nafasi katika chuo cha ng'ambo, nchi ya baridi huko Ulaya, nisomee uhandisi wa mitambo pamoja na ujuzi wa kidijitali. Mnakumbuka mlivyonisindikiza. Mlinifunika shuka mabegani, mkaniombea, na kabla sijapanda ndege mlikuwa mmeshaniita Injinia. Sisi watu wa huku ndivyo tulivyo, tunampa mtu cheo akiwa bado anafunga begi. Nililipenda jina hilo. Baadaye lilikuja kunilemea.

Huko nilikokwenda, mashine haina harufu. Imo ndani ya kompyuta. Unaichora kwenye skrini, unaandika maagizo ya kuiendesha, sensa zinapima mtetemo wake na kukuletea mistari ya kupanda na kushuka, na wewe unatakiwa uisome mistari ile useme ugonjwa uko wapi. Wenzangu walianza kuandika programu wakiwa watoto. Mimi kompyuta niliishika kidato cha nne, tukiwa watatu kwa moja. Nilitamani grisi mikononi. Nacheka sasa, lakini kuna siku nilisimama nje ya gereji ya watu nisiowajua, nivute tu harufu ya dizeli.

Na upweke, ndugu zangu. Unapishana na mtu kwenye ngazi, unataka kumsalimu kwa lugha ya kwetu, "Bwakire buya", anatazama viatu vyake. Wiki nzima inaisha hakuna aliyekutaja jina. Nilitamani mboga yetu ya chinsaga, nikatamani ugali wa wimbi, nikatamani hata kugombana na dada zangu kuhusu nani ataosha sufuria. Sabato ndiyo ilikuwa mbaya kuliko siku zote. Hakukuwa na kanisa letu karibu, kwa hiyo nilifungua ibada yenu kwenye simu, nikawaona mkiimba, halafu intaneti inagoma nanyi mmebaki midomo wazi.

Nikipiga nyumbani nilisema uongo. Mama akiuliza, "Masomo iko aje?" mimi ninajibu, "Iko sawa, mama." Nyuma yake nasikia jirani anauliza, "Ni Injinia?" Ningesemaje kwamba Injinia ameanguka mtihani? Na baba je? Baba akishika simu alisema maneno matatu, "Ngoja mama yako." Hakuwahi kuongeza la nne. Sikumlaumu. Mnajua chinsoni yetu, ile heshima yenye haya kati ya mzazi na mtoto. Baba hakai akipiga soga na binti yake mkubwa. Nikasema ni chinsoni. Lakini nilikuwa na hamu naye sana. Nilitamani aniulize hata kama huko kuna mvua.

Mwaka wa pili nikaanguka somo la kuandika programu, nikarudia, nikaanguka tena. Nikaacha kwenda darasani. Siku ya kwanza nilijiambia naumwa kichwa. Kufikia wiki ya tatu sikujiambia kitu. Barua ikaja: nisipowasilisha mradi wangu kufikia mwisho wa mwezi, nafasi yangu inaondoka, na kibali cha kuishi kule kinaondoka nayo. Ndugu zangu, sikuamua kurudi nyumbani. Ningerudi kwenu na uso gani? Niliamua jambo baya zaidi. Niliandika barua ya kujiondoa chuoni, nikapanga kujificha nikibeba mizigo kwenye maghala ya watu, na kuendelea kuwaambia nyinyi kwamba nasoma. Shetani alikuwa ameshanipangia hadi picha ya mahafali, na joho la kuazima.

Ilikuwa Sabato mchana. Kabla ya kuituma ile barua, nikasema wacha nisikie sauti ya mama nikiwa bado na nusu ya ukweli. Nikapiga. Akashika baba.

"Mama yako ameenda matanga," akasema. "Simu ameacha kwa meza."

Hakukuwa na wa kupewa simu. Nilingoja akate. Hakukata. Nilimsikia akipumua, na kuku nyuma yake. Nilitaka kusema, "Sawa, tata, nitapiga baadaye," lakini kilichotoka ni kilio. Nikamwambia yote, kwa Ekegusii, lugha yetu, bila kupumzika. Nikamwambia mimi si injinia. Nikamwambia habari ya darasa, ya uongo, ya barua. Nikamwambia hata mambo madogo ya aibu, kwamba viatu vyangu vimepasuka na miguu inashinda na baridi kutwa, na kwamba sijala meza moja na mtu tangu mwezi uanze. Yeye alisema, "Ee," tu. "Ee. Ee."

Nilipomaliza, akaomba. Baba yangu haombi mbele za watu. Hapa kanisani mnamjua, akipangiwa maombi anashikwa na kikohozi. Siku hiyo aliomba polepole kama mtu anayehesabu nati. "Nyasae one, Mungu wangu, huyu ni mtoto wangu. Mlishe. Mpe mtu wa kukula na yeye. Mpashe miguu joto. Asiogope kurudi kwangu, akiwa na kitu ama akiwa bila. Amina." Halafu akasema, "Mama akirudi nitamwambia umepiga," akakata.

Hakutaja shule. Hakutaja injinia. Nilikaa sakafuni nikalia tena, lakini kilio kingine. Kisha nikaifuta ile barua.

Jumatatu nilienda kwa mwalimu wangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, nikamwambia ukweli wote. Akauliza ni mashine gani ninayoijua mimi bila kitabu. Nikasema posho mill. Ikabidi nimweleze posho mill ni nini. Akasema basi nimletee hiyo, akaniongezea wiki mbili. Niliichora mashine ya kwetu kwenye kompyuta, nati kwa nati, na ile mistari ya mtetemo nikaanza kuielewa, maana nilijua mashine hiyo ikiumwa inaumwa wapi. Msichana mmoja wa darasa letu, naye mgeni kutoka mbali, akaniona nahangaika na programu, akavuta kiti. Tukawa tunasoma pamoja na kula pamoja. Aliviona viatu vyangu, na kesho yake akaniletea soksi nzito za sufu zilizofumwa na bibi yake. Mradi nikauwasilisha. Nikapita. Sikuwa wa kwanza, kwa hiyo msipige makofi sana. Nilipita tu.

Sasa sikieni neno lililonileta hapa mbele. Mwezi huu nimekuja likizo. Siku ya pili tulikuwa tunachambua chinsaga na mama, nikamwambia namna ninavyomshukuru baba, kwamba siku ile nilimweleza kila kitu na akanielewa. Mama akaacha kuchambua.

"Kemunto," akasema, "baba yako hasikii maneno kwa simu. Ni miaka sasa. Hizo mashine zilimaliza masikio yake."

"Lakini nilimwambia yote, mama."

"Nilipotoka matanga aliniambia, 'Kemunto amepiga. Sikushika neno hata moja. Nimesikia tu analia, nikamwombea.'"

Ndugu zangu, haikuwa chinsoni. "Ngoja mama yako" ilikuwa hofu ya mzee kwamba nitamwuliza jambo asilisikie, nami nijue. Mashine bado anaisikia, kwa ule mfupa wa nyuma ya sikio. Maneno ya mtoto wake kwenye simu, hapana. Na mimi nyumbani sikugundua, kwa sababu kwetu sote tumezoea kuongea kwa kushindana na injini. Miaka yote mimi nilikuwa na hamu naye upande ule, yeye ana hamu nami upande huu, na tukaliita jambo hilo heshima. Nilimwendea shambani nikamshika mkono. Amenipa ruhusa niwaambie.

Sasa niambieni. Nani alimwambia habari ya miguu yangu? Nani alimwambia kwamba nakula peke yangu? Nimelichunguza jambo hili kama nilivyofundishwa kuchunguza mashine, na sina jibu lingine ila lile mnalolijua.

Wiki ijayo narudi kumaliza mwaka uliobaki. Nitakuwa na hamu nanyi tena, sitawadanganya. Mungu hakuniondolea hamu ya nyumbani. Naibeba, ila siku hizi siibebi pamoja na uongo. Naomba mniite Kemunto mpaka nimalize. Na kama una mtoto mbali ambaye kila akipiga anasema iko sawa, iko sawa, usimwite cheo chochote; muulize amekula na nani. Nawe unayengoja maneno yako yanyooke ndipo umwendee Mungu, usingoje. Maneno yangu mimi halikufika hata moja, na nilijibiwa yote. Mtegemee Mungu huyo.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi. Namshukuru baba yangu, aliyeketi pale kando ya dirisha, anayetabasamu kwa sababu anawaona mnamtazama. Kwa umbali huu hanisikii, hajui nimefika wapi katika ushuhuda. Mama, mguse bega asimame.