Minyoo ya Kulthumu Bondeni kwa Latifa

Mwaka ule wa tisini na nane ambargo, vikwazo vya nchi jirani, ilikuwa bado inabana nchi, na barabara ya Muyinga ilipitika tu siku ambazo gari za askari zilitangulia. Benchi yetu ya mtaa wa Shatanya, hapa Gitega, ilikuwa ubao mmoja mbele ya cherehani yangu, na kahawa ilikuwa ya Mama Pili. Wa kila siku tulikuwa mimi, Sudi, fundi wa nguo. Matata, fundi wa baiskeli, tuliyemwita Radio kwa sababu hazimiki. Na Mze Asgarali, muuza mbegu na dawa za shamba. Asubuhi moja akaja Latifa, mjane ambaye vita ilimtoa Mutaho na watoto wanne. Alikuwa akilima viazi bondeni. Akaweka kiazi kimoja mbele yetu, kimetobolewa hadi ndani.

— Funza weupe, akasema. Misimu mbili wanavuna mbele yangu. Hii ya tatu ikipotea, mi narudi kambi na watoto.

— Hao si funza wa hapa, Radio akasema. Walikuja ndani ya magunia ya msaada.

— Magunia ilikuwa ya unga, nikamwambia.

— Njo vile. Wamekula unga, wamepata nguvu. Halafu mabomu ikatikisa ardhi, ikaamsha wakubwa wao wa chini kabisa. Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Inaingia kwa kisima.

Mze Asgarali alikigeuza kile kiazi mkononi.

— Mama Latifa, shamba yako inataka pakiti ine za dawa. Kwangu imebaki moja. Na ambargo hii, ya pili sijui itatoka wapi.

Hapo Mama Pili akaacha kumimina.

— Kuna mutoto wa dada yangu kule Gashoho, upande wa Muyinga, Kulthumu. Alikuwa anafanya kazi kwa watu ya utafiti, wanachunga minyoo inayokula funza. Vita ikafunga ile kazi, wakubwa wakaondoka. Yeye akachukua minyoo, akaenda nayo nyumbani.

— Anachunga minyoo? Radio akauliza. Na anapeleka malishoni?

Tulicheka sana. Latifa hakucheka. Alimtumia Kulthumu habari kwa dereva wa lori.

Wiki ya pili Kulthumu akashuka, mwanamke mwembamba aliyesomea Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka. Alikuwa na kopo lenye sponji mbichi ndani. Kwenye kizuizi, askari alilifungua akasema hamna kitu. Yeye akamjibu kwamba wamo milioni kadhaa, hawaonekani kwa macho. Askari akanusa, akamwambia apite.

— Miaka minne nimewalisha, akatueleza. Mizinga ya nyuki ya baba ina viwavi wanaokula nta. Ninawatoa, minyoo inaingia ndani yao, inazaana humo. Nimekimbia risasi nikalala porini mara mbili na kopo hili kifuani.

— Bon, Mze Asgarali akasema. Kama minyoo inaua, dawa yangu ya nini?

— Funza mkubwa ana nguvu, mzee. Anajisugua kwenye udongo, minyoo inaanguka kabla haijaingia. Dawa kidogo, robo ya kipimo, haimuui. Inamlegeza tu, anaacha kujisugua. Hapo minyoo inaingia.

— Na dawa haiui minyoo?

— Zipo zinazoiua. Hii yako niliijaribu nyumbani kwenye sahani. Minyoo ilibaki hai.

— Dawa na minyoo chungu kimoja, Radio akasema. Fahali wawili hawakai zizi moja.

— Kumbe leo umepata ya kufanana, nikamwambia.

— Imefanana, lakini ni ya uwongo, Latifa akasema. Tunaenda shambani.

Walisubiri mvua ilowanishe udongo. Alasiri, jua lilipopoa, Mze Asgarali mwenyewe, mtu wa miaka sabini, alishuka bondeni na pakiti yake ya mwisho. Kulthumu aligawa shamba ili tulinganishe. Mistari miwili kandokando alitia dawa peke yake, mingine miwili minyoo peke yake. Kwingine kote alitia vyote viwili. Kisha tukangoja, na kungoja wakati wa vita ni kazi. Siku ya kumi Latifa alituletea funza kwenye jani la mgomba. Alikuwa amekufa, mwekundu kama tofali, rangi ya aliyeuawa na minyoo, Kulthumu akatuambia. Radio akamgeuza kwa spoku ya baiskeli.

Siku ya kuvuna benchi ilibaki tupu, wote tulikuwa bondeni. Mstari wa dawa peke yake ulitoa kikapu kimoja cha viazi vizima. Wa minyoo peke yake, viwili. Mstari wa kwanza wa vyote viwili ulitoa vitano, ngozi safi. Latifa alipiga magoti akakisugua kiazi kwa kitenge chake, akakigeuza, akatafuta tundu. Halikuwepo. Akachukua kingine. Watoto wake walikuwa tayari wanaimba, na Mze Asgarali alikuwa amekaa chini kwenye matope na kanzu yake nyeupe, analia bila kujificha.

— Siendi kambi, Latifa akasema taratibu, kama mtu anayejaribu neno jipya. Siendi.

Tulirudi mtaani na vikapu kichwani. Radio alitangulia, akitangaza kila mlango kwamba Gitega imeshinda. Benchini tukamkuta mzee mgeni aitwaye Uthmani, amekuja kwa miguu toka Nyarusange baada ya kusikia habari za minyoo. Aliangalia vikapu, akauliza:

— Nani kati yenu alimuamini huyu binti wa minyoo siku ya kwanza?

Radio akakiri kwamba yeye alicheka. Mimi nikashika mkasi. Mama Pili akainamisha birika kumjazia mgeni kikombe, halikutoka hata tone, siku nzima hakupika kahawa.

— Mi pia sikuamini, Latifa akasema. Nilikuwa tu sina kingine.

— Mi naamini, Uthmani akasema, akasogea kumpisha Kulthumu akae. Binti, nieleze tangu mwanzo. Shamba yangu iko kubwa.