Kiko Kifupi cha MaDlomo

Wasikilizaji wapendwa, jifunikeni blanketi, sogeeni karibu na redio. Baridi ya mwezi huu si ya mchezo, na habari niliyonayo haitawapa joto.

Leo tunamkumbuka Nowezile wa ukoo wa Dlomo, mama wa huku kwetu Gatyana. Wengi mlimwita MaDlomo. MaDlomo amefariki. Amezikwa Jumamosi, nyuma ya zizi, kando ya mumewe.

Ukitaka kuyajua maisha ya MaDlomo, fuata kiko chake. Alianza kuvuta mwaka alioolewa, akavuta hadi siku ya mwisho. Tumbaku yake haikubadilika hata mara moja, aliilima mwenyewe nyuma ya nyumba. Kilichobadilika ni kiko.

Alipoletwa kwa kina Mzimasi, mumewe, alikuwa msichana mwembamba mwenye maneno mengi. Siku hiyo mto ulikuwa umefurika. Wenzake walisita, yeye akavuka na sketi imelowa hadi kiunoni. Ndipo wakwe wakampa jina la Nowezile, aliyevuka.

Kiko chake cha kwanza kilikuwa kidogo. Kichwa cha mviringo kama yai la kuku, mrija mfupi kama kidole. Mwali, mke aliyeletwa juzi, havuti mbele ya wakwe. Anavutia nyuma ya zizi, na akisikia nyayo anakificha kwenye blanketi.

"Blanketi zake zote zilikuwa na matundu," anasema MaRhadebe, jirani yake, aliyeolewa msimu mmoja naye. "Mama mkwe akimuuliza, anasema ni panya. Siku moja yule bibi akamwambia, mwanangu, hawa panya wako mbona wananuka tumbaku?"

MaDlomo alikipenda kile kiko. Aliapa hatashika kingine. Viko virefu, alisema, ni vya vikongwe wanaotaka kutazamwa.

Kisha akamzaa Phakamile. Mama mkwe wake, MaMpinga, akamkuta ananyonyesha huku kile kiko kifupi kinafuka juu ya uso wa mtoto. Akakipokonya.

"Unataka kumwagia mjukuu wangu majivu machoni?"

Akampa kingine, chenye mrija unaopita kichwa cha mtoto, jivu likianguka lianguke sakafuni. Akina mama mnaonisikiliza mnalijua hilo. MaDlomo alinung'unika. Alisema kinamng'oa meno. Haukupita muda mrefu akaanza kukisifu, kwamba moshi ukitembea njia ndefu unafika mdomoni umepoa. Akawa anakicheka kile cha zamani. "Kilikuwa kinaniunguza ulimi," alimwambia MaRhadebe, "na mimi najidanganya eti ndiyo utamu wa tumbaku."

Kwa kiko hicho aliwanyonyesha watoto watatu, Phakamile na mabinti wawili. Kwa kiko hicho alimsubiri Mzimasi arudi kutoka migodini. Mzimasi alirudi na kikohozi, na kikohozi kikamzika.

Sasa sikilizeni kuhusu kiko cha tatu.

Phakamile alipooa, MaDlomo naye akawa mama mkwe. Alikwenda kwa tata Velaphi, yule mzee fundi wa viko, akiwa amejifunga kilemba kipya. Akataka kichwa kirefu, chembamba, cha mti wa mzeituni wa porini. Akataka na mrija wenye shanga nyeupe, mrefu kupita mkono wake.

"Nikamwambia, MaDlomo, hiki hutakifikia," anasema tata Velaphi. "Akanicheka. Akasema, nikifikie kwa nini, tata? Nina mkwe."

Hapo ndipo penyewe, wasikilizaji. Kiko cha urefu ule mwenyewe hakiwashi. Kichwa chake kinalala kule, mkono unaishia huku. Lazima mtu mwingine apige magoti na kaa la moto. Ndiyo heshima yake. Mama anayevuta kiko kile anatangaza kwamba nyumbani kwake kuna mtu.

Na mtu alikuwepo. Alikuwa mke wa Phakamile, waliyempa jina la Nosandise. Walipatana mno wale wawili. Nosandise alikuwa akiweka kaa, anapuliza, anasema, "Mama, ukivuta hivi hata treni itaona aibu." MaDlomo anamjibu, "Wewe puliza, mate yako yasinizimie tumbaku." Majirani walizoea kukisikia kicheko chao kabla ya kuwaona. MaDlomo alisema sasa amefika. Hakutaka kingine hadi kaburini.

Phakamile alipata kazi Cape Town. Nosandise akamfuata, akamsalimie tu, arudi wakati wa kupanda mahindi. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Mabinti nao walishaolewa mbali. Kutafuta riziki si dhambi, na hapa hatuko kumtukana mtu. Lakini ilivyokuwa ndivyo nitakavyoisema.

MaDlomo alibaki peke yake na kiko asichokifikia.

Alijaribu kukiwasha kwa kijiti. Kaa likaanguka, likachoma mkeka. Alijaribu kukisukuma kichwa cha kiko ndani ya jiko, ukingo ukaungua. MaRhadebe akamwambia atamtuma mkwe wake aje kumwashia. Akakataa katakata. Mama mzima kuwashiwa kiko na mkwe wa jirani, afadhali asimame sokoni atangaze kwamba watu wake wamemkimbia.

Akarudi kwa tata Velaphi. Akaomba mrija mfupi kama kidole.

"Nikamuuliza, ule mrefu umepasuka? Akasema, hapana tata, ladha yangu imebadilika. Siku hizi napenda vifupi."

Wanawake kwenye bomba la maji walimcheka. "Mwali wetu amefika, mpisheni." Naye akacheka nao, akasema amerudi usichanani, wamtafutie mume. Alikuwa hodari wa kucheka, MaDlomo. Inaniuma kwamba tulimwamini.

Mwezi huu, asubuhi moja, MaRhadebe hakuona moshi kwenye paa la jirani yake. Akaenda. Akamkuta MaDlomo ameegemea ukuta karibu na jiko, jivu limepoa, kiko kifupi mkononi.

Phakamile na mkewe wakaja kwa basi. Phakamile alipoingia ndani, akina mama wamekaa kwenye mikeka, jambo la kwanza aliloomba ni kiko cha mama yake, azikwe nacho. Wakampa kile kifupi. Akakigeuzageuza.

"Hiki si cha mama."

"Ndicho chake, mwanangu," akasema MaRhadebe.

"Mama, mimi si mtoto. Hiki ni kiko cha mwali. Desemba iliyopita nimemwona kwa macho yangu anavuta kile kirefu cha shanga, nimempiga na picha. Watalii wananunua vile. Nani amekichukua?" Akasema hivyo akimtazama MaRhadebe, mbele ya watu, msibani.

MaRhadebe akainuka. Akavuta benchi, akapanda, akaingiza mkono kwenye nyasi za paa. Akautoa ule mrija mrefu. Shanga zilikuwa nyeusi kwa masizi.

"Huu hapa. Unashushwa Desemba, mkija. Anaufuta kwa mafuta, anaupachika, mke wako anamwashia, mnapiga picha. Basi lenu likishakata kona pale dukani, anaurudisha juu."

"Kwa nini sasa?"

"Pachika uone."

Phakamile akautoa ule mfupi kwenye kichwa cha kiko, akapachika mrefu. Akakaa pale alipokuwa akikaa mama yake. Akashika koleo, akachukua kaa jikoni, akanyoosha mkono. Mkono wake ni mrefu kuliko wa mama yake, na bado haukufika. Alikaa hivyo, kaa linapoa kwenye koleo, na katika nyumba iliyojaa watu hakuna aliyeinuka kumsaidia. Nosandise alikuwa ameshajifunika uso kwa shali.

"Kwa nini hakuniambia?" akauliza Phakamile.

"Angekwambia nini? Kila ukipiga simu unamuuliza hajambo, anakujibu hajambo, unakata."

Wazee wa ukoo walitaka azikwe na kile kirefu, ndicho kinachomstahili mama wa cheo chake. MaRhadebe akasema, "Mpeni anachoweza kukiwasha." Phakamile mwenyewe aliingia kaburini, akakiweka kile kifupi karibu na mkono wa kulia.

Wasikilizaji wapendwa, familia imetuomba tutangaze kwamba MaDlomo alifariki akiwa amezungukwa na wapendwa wake. Tumeshindwa. Alifariki peke yake. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: MaDlomo wa Gatyana alifariki peke yake, na ana watoto watatu walio hai.

Tunampa pole Phakamile, na dada zake, na Nosandise, ambaye tangu Jumamosi hajaongea na mtu. Tunampa pole MaRhadebe, aliyeitwa mwizi siku ya kumlilia rafiki yake. Hadi tunapozungumza hajaombwa radhi.

Nanyi mlioko Cape Town, Johannesburg, popote mnaponisikia, litafakarini hili. Mama mnayemkuta Desemba amejiandaa kwa ajili yenu. Amepaka nyumba chokaa, ameazima vikombe, amekaa wima. Msimwamini. Nendeni mwezi wa sita, katikati ya wiki. Msipige simu kwanza. Fungueni mlango, mtazameni kabla hajapata nafasi ya kutabasamu.